Binti yangu anataka nifute picha zake zote

Shikamoo Anti,

Mimi ni mama wa watoto wawili. Wa kwanza ni msichana wa miaka 14, wa pili ni mvulana ambaye bado yuko chekechea. Huwa nasoma majibu yako kimyakimya na kuwacheka wenzangu. Leo zamu yangu imefika.

Huyu binti nimemweka Facebook tangu nikiwa bado kwenye kitanda cha uzazi. Kila mwaka aliotimiza, kila jino lililong'oka, siku ya kwanza ya shule, vyote nimeviweka. Sikuwa na nia mbaya. Baba yake alikuwa anafanya kazi mbali na ndugu zetu wametawanyika. Mama yangu mzazi, ambaye sasa ni marehemu, alijifunza simu kwa ajili ya picha za mjukuu wake tu. Chini ya kila picha aliandika kitu, na wakati mwingine ni vidole vya gumba tupu, kumi kwa mpigo. Na ukurasa wangu si wa wazi kwa kila mtu, Anti. Ni marafiki tu, ingawa ni kama elfu mbili hivi.

Jumapili iliyopita binti aliingia chumbani kwangu na karatasi aliyoichana kwenye daftari. Kaorodhesha picha mwaka kwa mwaka, na pembeni kaweka sababu. "Hii nalia." "Hii niko uchi." "Hii jina la shule linasomeka kwenye sweta." "Hii umeandika nakojoa kitandani." Mwishoni kaandika: naomba zitoke zote, hata zile nzuri, mpaka nitakaposema.

Nikacheka. Halafu nikaona mwenzangu hacheki. Nikamwambia siku atakapojilipia ada mwenyewe ndipo atanipangia cha kuweka kwenye ukurasa wangu. Akaikunja karatasi yake akatoka, na tangu siku hiyo nikiinua simu tu anaweka mkono usoni.

Yaliyobaki nimeyasikia kwa mtoto wa jirani anayesoma naye. Wenzake darasani waliipata picha aliyopigwa akiwa na miaka mitatu, yuko kwenye beseni, povu kichwani, mdomo wazi. Wamekata uso wakatengeneza stika, na kwenye kundi la darasa kila anayetaka kuchekesha anaitupia hiyo. Binti yangu hilo hakuniambia. Hata kwenye karatasi hakuliandika.

Mume wangu anasema ni kiburi cha simu, nikimwachia leo kesho ataniziba mdomo. Mimi niko katikati. Picha nimezipiga mimi na mtoto nimemzaa mimi. Alipokuwa na miaka mitano alifanyiwa upasuaji, nikaandika kila kitu, jina la ugonjwa, picha zenye dripu, na watu wakachanga pesa mpaka akapona. Hao nao nitawaficha mtoto waliyemponya? Na maneno ya mama yangu yaliyo chini ya zile picha, nayafuta vipi kwa mkono wangu? Tena wifi yangu naye ana picha zake chungu nzima. Na kama wale watoto tayari wanayo, kufuta kutasaidia nini?

Mama Njiapanda

---

Marahaba, mdogo wangu. Pole kwa msiba wa mama. Hayo maneno yake tutayalinda, usiwe na hofu, nitakuonyesha.

Kwenye kesi yenyewe, binti yako ana haki. Nalisema mapema ili usisome barua nzima ukitafuta nitaegemea upande gani. Mtoto mwenye kiburi cha simu anafunga mlango kwa kishindo au anakutukana kwa rafiki zake. Wako amekaa akapitia miaka 14 ya ukurasa wako, akaandika sababu kwa kila picha, akatumia neno "naomba". Watu wazima wengi wanaoniandikia hapa hawajawahi kulalamika kwa adabu kiasi hicho. Na wewe ukamjibu kwa ada. Ada ni wajibu wako, usiigeuze kuwa deni la kumfungia mdomo. Kabla hujagusa simu, nenda ukamwambie kwamba lile jibu halikuwa jibu. Maneno machache yatatosha, na hotuba yoyote baada ya hapo itaharibu.

Kisha picha ya beseni. Hii iondoke leo, na hapa simaanishi kuificha. Ifute kabisa, halafu ingia kwenye kikapu cha vilivyofutwa uifute na huko, kwa sababu Facebook huweka posti iliyofutwa humo kwa siku 30 kabla haijapotea yenyewe. Picha ya mtoto asiye na nguo haina sababu ya kukaa kwenye ukurasa wa mtu yeyote, iwe ana miezi mitatu au miaka mitatu. Kuna watu huzunguka mitandaoni wakiokota picha za namna hiyo tu, na hawahitaji iwe na ubaya wowote machoni pako. Usimtumie mwingine hata kwa nia ya kulalamika. Kipo chombo cha bure kinaitwa Take It Down, kinaendeshwa na kituo cha Marekani kinachoshughulikia watoto waliopotea na wanaonyanyaswa, kwa ajili ya picha za uchi za walio chini ya miaka 18. Picha haitoki kwenye simu yako. Simu inatengeneza namba inayoitambulisha, na namba hiyo ndiyo inayopelekwa kwa mitandao iliyojiunga, ikiwemo Facebook, Instagram na TikTok, ili picha ikijitokeza iondolewe. Kwenye ujumbe uliofungwa kwa usimbaji, yaani unaosomwa na wanaoandikiana tu, kama WhatsApp, hakifiki. Kwa hiyo kuhusu stika ni lazima uongee na binadamu.

Hapo nenda polepole. Usiingie kwenye kundi la watoto kuwafokea, utamwongezea binti yako stika ya pili, safari hii yenye uso wako. Muulize yeye kwanza kama anataka uende shuleni. Kunyamaza kwake kunaniambia alikuwa anakulinda, au anaogopa utalipuka. Mwambie umeshajua, na usimtaje mtoto wa jirani. Akikubali, ongea na mwalimu wa darasa ana kwa ana, umwombe awaambie watoto waiondoe na aliyeitengeneza aitwe pamoja na mzazi wake. Akisema bado, mpe siku chache, lakini mwambie wazi kwamba ikiendelea utaenda, kwa sababu hilo ni jukumu lako na si ombi.

Sasa jiulize hao watoto waliipataje. Wewe unasema ukurasa ni marafiki tu. Bila shaka ni kweli, lakini kati ya hao elfu mbili wamo mama za wanafunzi wenzake, na simu ya mama inashikwa na mtoto kila jioni. Neno "marafiki" kwenye mipangilio linaamua nani anaiona picha kwenye ukurasa wako. Ikishaonwa, mtu akaipiga picha ya skrini, mipangilio yako haina tena mamlaka yoyote juu yake. Hili ndilo watu wengi hawalielewi, na ndiyo maana wanaweka kila kitu wakijiona wako sebuleni kwao.

Nimejifanya mtu baki nikausoma ukurasa wako kwa yale tu uliyonieleza kwenye barua. Jina kamili la mtoto pengine ninalo, kama uliliandika siku aliyozaliwa. Tarehe ya kuzaliwa ninayo, kwa sababu kila mwaka unaisherehekea siku ileile. Shule ninayo, iko kwenye sweta. Jina la bibi yake mzaa mama ninalo, limekaa juu ya vile vidole vya gumba, na jina la ukoo wa mama ni swali ambalo watoa huduma wengi hulitumia kumthibitisha mteja. Ugonjwa alioupata na miaka mitano ninao. Na kama wewe ni kama akina mama wengi, chini ya picha umemwita kwa lile jina la utani la nyumbani ambalo hakuna mwalimu analijua. Hilo linanitisha kuliko yote. Mtoto mmemfundisha asiongozane na asiyemjua, sawa. Lakini yule anayesimama nje ya geti akamwita kwa jina la nyumbani, akajua alipasuliwa mwaka gani na bibi yake aliitwa nani, huyo kwa mtoto si mgeni tena. Huyu mkubwa pengine atashtuka. Mdogo wake wa chekechea atamshika mkono waende.

Usidhani nakutisha kwa mambo ya kufikirika. Mwaka 2008, Sarah Palin akiwa mgombea wa umakamu wa rais wa Marekani, kijana wa chuo aliingia kwenye barua pepe yake ya Yahoo bila utaalamu wowote. Alibonyeza kwamba amesahau neno la siri, mfumo ukamuuliza maswali ya utambulisho, likiwemo tarehe ya kuzaliwa na mahali Palin alipokutana na mumewe. Majibu yote aliyakuta mtandaoni. Yule alikuwa gavana. Binti yako atafungua akaunti ya benki baada ya miaka michache, na majibu yake umeshayaandika wewe, na tarehe juu.

Unasema picha umezipiga wewe. Ni kweli, na hakuna anayekunyang'anya, zitabaki kwenye simu yako na ukitaka zichapishe uzitundike ukutani. Tunachobishania ni kuzionyesha kwa watu elfu mbili. Wafaransa walilitungia sheria Februari 2024: kulinda picha na maisha binafsi ya mtoto ni kazi ya wazazi wote wawili, mtoto ashirikishwe kulingana na umri wake, na wazazi wasipokubaliana hakimu anaweza kumkataza mmoja asiweke picha bila idhini ya mwenzake. Sheria ya data ya Umoja wa Ulaya, inayotumika tangu 2018, inampa mtu haki ya kuomba taarifa zake zifutwe, na inawataja hasa wale ambao taarifa zao ziliingia mtandaoni wakiwa watoto. Mwonyeshe mume wangu hiyo aya. Samahani, mume wako. Nimewajibu waume wengi wiki hii mpaka nawachanganya.

Tuje kwa mama.

Ukiacha ile ya beseni, usifute posti zenye maneno yake. Ukiifuta posti, maoni yaliyo chini yake yanakwenda nayo. Badala yake fungua kila posti na ubadilishe wanaoiona, uweke wewe peke yako. Picha inatoweka kwa wengine wote, lakini kwako inabaki palepale na vidole vya mama chini yake. Kama umewatagi watu, watoe, maana aliyetagiwa anaweza kuendelea kuiona. Instagram nayo ina njia ya kuweka picha kwenye kumbukumbu (Archive), ambako picha inatoka kwa watu na maoni yanabaki. Ukishaificha, ipige picha ya skrini ikiwa na maoni yake na uihifadhi nje ya Facebook. Akaunti huibiwa, huzuiwa, watu husahau maneno ya siri. Maneno ya mama yasitegemee kampuni yoyote.

Kwa zile ambazo mama hakuandika, huhitaji kwenda moja moja. Kwenye kumbukumbu ya shughuli zako Facebook inakuruhusu kuchagua posti nyingi kwa pamoja na kuziweka mahali unapoziona wewe tu. Kuna kitufe kingine cha kubana posti za zamani, watu hukisifia sana, lakini wewe hakikufai. Kinachukua zilizokuwa wazi kwa kila mtu na kuzifanya za marafiki, na zako tayari ni za marafiki.

Kazi hii ifanyeni wawili, karatasi yake ikiwa mezani, na simu aishike yeye. Kwanza atazipata haraka kuliko wewe. Pili, utamsikia akisema "hii iache" mahali ambapo hukutegemea. Lakini usiianze hiyo kazi ukitafuta punguzo. Ameandika zote, basi zitoke zote, na zitakazorudi zirudi kwa kauli yake.

Zile za hospitali nazielewa kuliko zote, na hapo nitakuwa mkali kidogo. Ulipoandika ulikuwa unaomba uhai wa mtoto, na hakuna wa kukuhukumu kwa hilo. Ila dharura iliisha. Mtoto amepona, na jina la ugonjwa wake bado linasomeka na yeyote anayeteremka kwenye ukurasa wako, akiwemo mwajiri wa kesho au mama wa mchumba wake. Waliochanga hawakununua haki ya kumtazama kwenye dripu maisha yake yote, na sidhani kama yupo hata mmoja anayedai hivyo. Ukitaka kuwashukuru, wapigie. Wataifurahia simu kuliko posti. Siku nyingine ikitokea shida kama hiyo (Mungu apishie mbali), andika kwamba mtoto anaumwa na kiasi kinachohitajika, na jina la ugonjwa na picha wape wanaouliza, kwa simu.

Unauliza kufuta kutasaidia nini. Kwa nakala zilizokwisha chukuliwa, hakusaidii, na mwambie binti yako hivyo asije akadhani umemdanganya. Kinachosaidia ni hivi. Waliobonyeza kushea posti yako watabaki na kisanduku kitupu, kwa sababu kushea huko kunaitegemea posti ya mwanzo. Waliopakua picha wakaiweka upya, nakala yao itabaki mpaka waitoe wenyewe. Kama kuna picha yake inayotokea ukimtafuta kwa jina kwenye Google, tangu 2021 kampuni hiyo hupokea maombi ya kijana aliye chini ya miaka 18, au mzazi wake, ya kuondoa picha yake kwenye matokeo ya utafutaji. Inatoka kwenye matokeo, si kwenye tovuti ilikokaa, lakini anayetafuta jina tu hataifikia kwa urahisi. Na kubwa zaidi, kisima kinafungwa: mwanafunzi mwingine akitaka stika mpya hatakuwa na pa kuchota.

Huyo mdogo usimsahau. Hana uwezo wa kuandika karatasi, kwa hiyo wewe ndiye karatasi yake. Tarehe ya kuzaliwa, sare, jina la nyumbani na picha za kuoga visitoke tena. Picha ya mgongo akikimbia, au ya familia bila majina, hiyo sina ugomvi nayo. Na ukimtumia shangazi zake picha kwa WhatsApp, itume kama picha ya kawaida, si kama faili, kwa sababu faili husafiri na kila kitu simu ilichokiandika ndani yake, pamoja na mahali ilipopigwa kama simu imeruhusiwa kurekodi.

Mume wako usibishane naye kuhusu kiburi, hutashinda. Muulize swali moja: bosi wake akiipata picha yake ya utotoni akiwa kwenye beseni akaifanya stika kwenye kundi la kazini, angetaka aliyeiweka mtandaoni afanye nini? Mwache ajibu, halafu ongeeni habari nyingine.

Limebaki la wifi. Usimwandikie kwenye maoni mbele za watu, na usimtumie ujumbe mrefu wa sheria. Mpigie simu. Mwambie kitu kama hiki: "Wifi, watoto wa shule wamemtengenezea mwanao stika kwa picha niliyoiweka mimi, na mtoto anaumia. Za kwangu nimeshazitoa. Naomba na wewe unisaidie kutoa za kwako, na kabla hujaweka nyingine umuulize yeye." Umeanza na zako, hana pa kusema unamwonea. Tena akisikia "mwanao" atalainika, mawifi wengi ni wakali kwa sisi lakini si kwa watoto wa kaka zao. Akikataa kabisa, binti ajitoe tagi. Malalamiko ya faragha nayo yapo kwenye mitandao karibu yote, na kwa umri wake mara nyingi ni yeye aliye pichani ndiye anatakiwa kuripoti, si wewe. Lakini hiyo iwe baada ya simu, na ikiwezekana baada ya simu mbili. Wifi akipata taarifa ya Facebook kabla hajasikia sauti yako, hiyo itakuwa kesi mpya kabisa, na najua utaniandikia.

Anti